Kigoda cha Kufuta Machozi

Sogeeni. Mwenye simu aizime, mwenye njugu atafune polepole, maana hii ninayowapa nataka iingie masikio yote mawili. Ni habari ya Makungu, fundi wa kuonyesha sinema, na siku nne alizokaa katika nchi ya Makofini. Alifikaje huko? Mambo ya njia msiniulize. Alifika, basi.

Makungu alikuwa mtu wa hamsini na ushei, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Miaka ishirini na minane aliendesha projekta katika sinema ya mji wao, mpaka sinema ikageuzwa ghala la magodoro. Alibaki na mkoba wake wa kazi, ndani yake kisu kidogo, mkasi na gundi ya kuungia mikanda ya filamu. Na alibaki na mdomo. Kwa mdomo huo aligombana na shemeji yake Vuai kuhusu nani alistahili tuzo ya mwigizaji bora mwaka ule na nani aliporwa, wakanuniana miezi sita. Miezi sita, jamani! Watu wazima wawili, salamu zinapitishwa dirishani na watoto. Hilo liwekeni akilini.

Sasa, siku ya kwanza Makofini, Makungu hakuulizwa jina wala alikotoka. Askari wa mpakani alimtazama shingo, akamwuliza, "Uko upande gani?"

"Upande wa nini?"

"Ala! Huna utepe?"

Hapo ndipo alipoona kwamba kila mtu wa nchi ile amevaa utepe shingoni, na baadhi yao wameshonea kwenye utepe huo kipande cha mkanda wa filamu, urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole. Wenye utepe mwekundu waliitwa Walioporwa. Wenye utepe wa kijani waliitwa Walioridhika. Mume mwekundu na mke wa kijani walipika vyungu viwili. Shule zilikuwa na milango miwili. Makungu aliingia kama mgeni asiye na upande, akapewa kibali cha siku nne tu, maana walisema mtu wa aina hiyo akikaa zaidi huleta fujo.

Njaa ilimpeleka kwa Mama Kidawa, aliyekuwa akiuza chai na mandazi mbele ya jengo kubwa la serikali. Mama Kidawa alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia mtu wa mtaa wa pili, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa Walioporwa. Upande wa pili wa barabara, hatua kumi tu, kilikuwa kibanda cha kinyozi Tabu, kiongozi wa Walioridhika. Wateja wa chai na wateja wa kunyolewa walikuwa wanatupiana maneno juu ya barabara tangu asubuhi.

"Miaka arobaini na mmoja!" Mama Kidawa alikuwa akisema huku anageuza mandazi. "Miaka arobaini na mmoja tangu Bi Sikitu anyimwe kigoda cha uigizaji! Alilia kwenye filamu ile kilio ambacho hakijawahi kuliliwa duniani. Alilia mpaka kuta zikalowa!"

"Kuta zipi?" Tabu akajibu, wembe mkononi, mteja wake nusu kanyolewa. "Kilio gani cha mtu kusimama katikati akasahau alikuwa analia? Sekunde nne nzima kaduwaa! Imeandikwa kwenye faili!"

"Ile ilikuwa huzuni, wewe! Huzuni ikizidi mtu husimama!"

"Alisahau!"

"Huzuni!"

"Alisahau, na mama yako alijua kuwa alisahau!"

Lo! Mama kaingizwa. Mwiko wa kukorogea chai ukaruka barabara, ukamkosa Tabu, ukagonga kioo. Wateja wakasimama, wakashikana mashati. Makungu aliinua kikombe chake kisimwagike, na kwa kuwa huo ulikuwa ugomvi wa fani yake, akauliza kwa moyo safi kabisa, "Samahanini. Hiyo filamu yenyewe, nani kati yenu ameiona?"

Wakawa kama mtu aliyeulizwa ufunguo naye anajua kaupoteza. Mashati yakaachiwa. Mama Kidawa akatazama mandazi yake, Tabu akarudi kwenye kichwa cha mteja.

"Mama yangu aliiona," Mama Kidawa akasema hatimaye, kwa sauti ndogo kuliko yake. "Nadhani."

Siku ya pili Makungu akaingia katika lile jengo kubwa, ambalo lilikuwa Wizara ya Machozi. Akapokewa na Bwana Fumo, ambaye cheo chake kilikuwa Mfutaji Mkuu. Bwana Fumo alikuwa mrefu, mkavu, mwenye leso nyeupe iliyopigwa pasi mpaka kona zikachongoka, na alieleza sheria za nchi yake kwa adabu kubwa, bila kutabasamu hata mara moja.

Alisema kwamba zamani sana, mwigizaji mmoja hodari alinyimwa Kigoda cha Uigizaji, akalia hadharani. Taifa likaona aibu. Mwaka uliofuata wakampa kigoda ili kumfuta machozi, ingawa mwaka huo alikuwa ameigiza ovyo. Kumbe mwaka huohuo palikuwa na mwingine aliyeigiza vizuri kuliko wote, naye akakosa kwa sababu kigoda kilikuwa kimeshatumika. Naye akalia. Basi mwaka uliofuata akafutwa yeye, akalia mwingine.

"Ikawa ni sheria," alisema Bwana Fumo. "Kigoda hakitolewi kwa kazi ya mwaka huu. Ni cha kufuta machozi ya nyuma. Kila mwenye haki ana kadi ya zamu."

"Na foleni ni ndefu?"

"Miaka arobaini na mmoja. Katika vigoda kumi vya mwisho, saba tumevipeleka makaburini. Tunavifunga kwa mnyororo, visiibwe."

"Na waamuzi huona nini katika filamu hizo?"

"Waamuzi hawaoni filamu." Bwana Fumo alishangaa kidogo. "Mtu akiiona filamu ataipenda au ataichukia. Hapo haki iko wapi? Waamuzi husoma faili. Faili linasema mwigizaji alilia mara ngapi, alikufa taratibu au haraka, alichechemea mguu upi, alibandika pua au hakubandika. Tunajumlisha."

"Na akichekesha?"

"Kuchekesha hatukuhesabu, ndugu mgeni. Mtu hucheka hata akiona mwenzake kateleza. Ile ni ajali, si kazi."

Basi Bwana Fumo akamweleza kwamba keshokutwa, alasiri, ilikuwa zamu ya Bi Sikitu. Atapewa kigoda mbele ya taifa, atafutwa machozi kwa leso rasmi, na faili litafungwa. Na faili likifungwa, vipande vyote vya filamu ile vitavuliwa shingoni na kuchomwa moto kwa heshima, ili watu waanze ugomvi mpya wakiwa safi.

Makungu akapanga chumba kwa bibi mmoja nyuma ya soko. Alipobisha, mlango ulifunguliwa na binti wa miaka ishirini na minane hivi, mwenye macho ya utundu, aliyeitwa Zawena. Ndani, juu ya mkeka, bibi wa miaka sabini na minne alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, kaa. Mimi ni Sikitu. Ndiye huyo huyo, usikodoe macho."

Makungu akakaa. Akampongeza kwa zamu yake kufika. Bi Sikitu akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Kigoda nitakifanyia nini, mwanangu? Magoti haya nikikaa chini ya futi mbili mpaka niinuliwe na watu. Mimi nilitaka kitu kimoja tu maisha yangu yote. Filamu ile ilionyeshwa siku mbili, mimi niko kitandani na homa. Siku ya tatu ikatolewa, ugomvi ukaanza. Sijawahi kukaa na watu wakaitazama. Hata mara moja. Miaka arobaini na mmoja wananigombania, wananisifu, wananitukana, na hakuna aliyeniona. Mimi mwenyewe sijui kama nilifanya vizuri. Najua nilikusudia nini. Kama kilifika, sijui. Keshokutwa watachoma, na nitakufa sijui."

Alisema hivyo bila kulia, na hilo ndilo lililomuuma Makungu zaidi. Akakumbuka shemeji Vuai. Akakumbuka kwamba filamu waliyonuniana kwa ajili yake miezi sita, yeye alikuwa ameona tangazo lake tu. Aibu ikampanda mpaka masikio yakamuwaka.

"Filamu yenyewe iko wapi?" akauliza.

Akajibu Zawena. "Iko kwenye ghala la Wizara, mjomba, imejaa vumbi. Yote ipo isipokuwa yeye. Bibi alitokea dakika nane tu. Mwaka ule aliponyimwa, mashabiki wake waliingia ghalani kwa hasira, wakazikata zile dakika nane zake, wakagawana, kila mtu avae ushahidi. Ndiyo hivyo vipande unavyoviona mitaani."

Salale! Hebu fikirini. Watu wanampenda mtu mpaka wanamkata vipande wanamvaa, na kwa mapenzi hayohayo wanahakikisha haonekani tena. Mimi nikisikia hapa huwa nataka kucheka na kulia kwa pamoja.

Zawena mwenyewe alikuwa mwigizaji. Mwaka huo Makungu alipofika, alikuwa ameigiza karani wa kukata tiketi katika filamu mpya, na wachache walioiona walisema hawajaona kitu kama kile. Wizara ilishampa kadi yake. Alimwonyesha Makungu: zamu ya arobaini na moja. "Nitakuwa na miaka sitini na tisa," akasema, akicheka, lakini kadi aliirudisha mfukoni haraka.

Makungu akafungua mkoba wake. Akaomba taa. Zawena alikuwa na kipande kimoja, zawadi ya bibi. Makungu akakiinua mbele ya taa, akahesabu picha: ishirini na nne. Sekunde moja kamili. Na pembeni mwa mkanda, ndogo kama mayai ya chawa, zilikuwepo namba zile zinazopigwa kiwandani, zinazofuatana kutoka mwanzo wa mkanda hadi mwisho.

"Dakika nane ni vipande mia nne na themanini," akasema. "Nileteeni. Nitaunga."

Siku ya tatu, tangu alfajiri, Zawena alizunguka mji. Kwa Walioporwa alisema, "Mtaona kilio chake kwa macho yenu." Kwa Walioridhika alisema, "Mtaona alivyosahau." Wote wakataka kuwa upande wenye haki, wote wakaja. Jumba kuu la Makofini lilikuwa na viti elfu na projekta iliyofunikwa shuka, kwa sababu watu huingia mle kutazama vigoda vikitolewa, si filamu. Makungu akaomba kwa Bwana Fumo ruhusa ya kuitoa filamu ghalani na kuionyesha, akitegemea kukataliwa. Bwana Fumo akapekua kitabu cha sheria kurasa zote.

"Wanaokatazwa kuona ni waamuzi," akasema. "Wananchi hawajakatazwa. Hawajawahi kuomba tu."

Makungu akaketi kwenye meza ndefu, anapanga kwa namba, anakwangua, anapaka gundi, anabana. Watu wakapanga mstari, wanavua utepe shingoni kwa aibu kama mtu anayevua shati hospitali. Kufikia adhuhuri alikuwa na vipande mia nne na sitini. Kumi na sita vilikuwa vimeshaharibika kwa jasho na kufuliwa. Vinne vilikosekana, na vilikuwa vinafuatana. Sekunde nne. Zilezile za ugomvi.

Tabu kinyozi akaja akiwa amejikunyata. Akaweka mezani kopo la poda. Ndani vilikuwemo vipande vitatu.

"Baba yangu aliwanyang'anya wekundu katika vita vya sokoni," akasema. "Tumeviweka kama nyara. Usinitaje."

Cha nne kilikuwa shingoni mwa Mama Kidawa, naye hakuwa mstarini. Makungu akamfuata kwenye chai yake.

"Sikivui," akasema Mama Kidawa kabla hajaulizwa. "Hiki alikivaa mama yangu mpaka siku tunamwosha. Hiki ndicho kilio chenyewe. Kesho wakikichoma na wakichome nikiwa nimekivaa."

"Mama, umewahi kukitazama kwenye mwanga?"

"Nikitazame cha nini? Nakijua."

"Kiinue kidogo tu. Hapo ulipo. Usikivue."

Mama Kidawa akasonya. Kisha akakivuta kutoka kifuani, akakielekeza juani, akakunja jicho. Akakaa hivyo muda, mandazi yanaungua.

"Halii," akasema.

"Hapo halii."

"Mdomo kaufunga. Anatazama pembeni." Akageuza kile kipande juu chini. "Anafanya nini, kaka?"

"Anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Sijui, mama. Kwa kipande kimoja hatutajua."

Mama Kidawa akafuta mikono kwenye kanga. Akainama, ili Makungu amfungue utepe nyuma ya shingo, kwa kuwa fundo lilikuwa la miaka mingi.

Siku ya nne, asubuhi, jumba likajaa hadi ngazini. Wekundu kushoto na leso zao, wamejiandaa kulia. Kijani upande wa kulia, wamejiandaa kuzomea. Bi Sikitu aliketi katikati, pasipo na rangi, Zawena kamshika mkono. Makungu juu kwenye chumba cha projekta, anaviombea viungo vya mkanda visikatike. Mapazia yakafungwa. Taa ya projekta ikawaka.

Filamu ikaenda, ikaenda, na watu wakashangaa kwamba ilikuwa na hadithi. Kisha akatokea yeye. Msiba. Wanawake wamekaa mkekani, na mlangoni anaingia shangazi mmoja wa miaka thelathini na mitatu, kanga kichwani, analia kilio cha kupasua paa. Anajitupa, anagaragara, anamtaja marehemu kwa wema wake wote. Wekundu wakainua leso.

Halafu mama mmoja kwenye mkeka akamnong'oneza, "Dada, marehemu ulimjulia wapi?" Akamtajia jina la marehemu. Halikuwa lile alilokuwa analilia. Shangazi kakosea nyumba.

Shangazi akanyamaza. Mdomo ukafungwa. Akamtazama yule mama. Kichwa hakikusogea, macho tu yakaenda taratibu pembeni, mpaka uani, ambako sufuria la pilau lilikuwa linafunuliwa na mvuke unapanda. Yakakaa pale. Yakarudi kwa yule mama.

Sekunde ya kwanza, jumba kimya. Ya pili, kimya.

Sekunde ya tatu, upande wa kijani, mtu akapasuka kicheko. Alikuwa Tabu. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, kikatokea puani. Na Mama Kidawa, ng'ambo ya pili, akapiga kofi paja lake, akaachia sauti ile ya mtaa wa pili: "Mwe! Pilau, jamani! Kaona pilau!" Hapo jumba zima likavunjika. Na kwenye pazia, katika sekunde ya nne, vicheko vilipofika juu kabisa, shangazi akavuta pumzi, akarudi kulia kwa nguvu mara mbili ya mwanzo, akimlilia marehemu asiyemjua kwa jina lake kamili.

Watu walianguka kwenye viti. Leso zilizoletwa kwa huzuni zikafuta machozi ya kucheka. Mwekundu akamwegemea wa kijani, wote hawana mbavu.

Bi Sikitu hakucheka. Alikuwa ameinua kidole kimoja hewani, kama mtu anayesikiliza mvua inatokea upande gani.

"Unasikia?" akamwambia Zawena. "Niliwaachia nafasi. Nilijiambia hapa watacheka, niwaachie sekunde nne wamalize, ndipo niendelee. Mwelekezi wa filamu akaniambia mbona umesimama? Nikamwambia subiri, watu watakuja kupajaza." Machozi yakaanza kumtiririka, na uso wake mzima ulikuwa unang'aa. "Wamekuja. Unasikia? Wamepajaza."

Alasiri ilipofika, Bwana Fumo akaingia na kigoda, leso rasmi na faili, akakuta watu hawajatoka. Walikuwa wameomba dakika nane zirudiwe mara tano. Akamkaribia Bi Sikitu, akamwona mashavu yameloa, akakunjua leso kwa utaratibu wa sheria.

Bi Sikitu akamshika mkono. "Haya si ya kufutwa, bwana. Yaache yakauke yenyewe."

"Lakini zamu ni yako, bibi. Bila kufuta siwezi kufunga faili. Na bila kufunga faili, mwakani…" Sheria haikusema lolote kuhusu mwenye zamu asiye na machozi ya kufutwa.

"Kigoda mpe huyu," akasema Bi Sikitu, akamsukuma Zawena mbele. "Mpe leo, angali na magoti ya kuinukia. Na kazi aliyoifanya ni ya mwaka huu, haijaoza."

Bwana Fumo akamtazama Zawena, akatazama faili, faili halikuwa na jibu. Kisha akauliza swali ambalo Mfutaji Mkuu hakuwahi kuliuliza tangu Wizara ijengwe.

"Alifanya nini?"

"Mimi nikikueleza, nitatia chumvi," akasema Bi Sikitu. "Kaa uone."

Bwana Fumo akatafuta kiti kwa macho. Viti elfu vilijaa, ngazi zimejaa. Basi akakiweka kigoda chini, kwenye njia katikati ya wekundu na kijani, akakunja miguu yake mirefu, akakalia kigoda mwenyewe. Mama Kidawa akampitishia andazi. Akalipokea, akageuza shingo kuelekea dirisha dogo la chumba cha projekta, kule juu.

"Fundi," akaita. "Zima taa."

Makungu akapachika filamu ya Zawena, akazima. Hivyo ndivyo alivyonisimulia. Na kama mnataka kujua alirudi vipi kwao, nasema tena mambo ya njia msiniulize. Ninachojua ni kwamba alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Vuai, mkoba bado begani, akapiga hodi, na shemeji yake alipochungulia kwa uso wa kununa akamwambia: "Vaa viatu, shemeji. Twende tukaione kwanza."